Miaka Miwili Nikilinda Mita Kumi

Nimestaafu. Najua mnacheka, na mimi ningecheka, kwa sababu nina miaka kumi na saba na bado naamshwa na kengele. Lakini Kidato cha Nne kina mitihani yake, Madam Wanja amechukua filimbi, na nyinyi watatu wa Kidato cha Pili mmepewa fulana yangu ya njano mvae kwa zamu. Kabla hamjaanza kupuliza ovyo, Madam amesema niwaandikie nilichojifunza. Kuhusu vyeo na mshahara sitaandika kitu. Nilianza nikiwa refa wa baiskeli, nimemaliza nikiwa refa wa baiskeli, na malipo yalikuwa soda, siku nyingine ya moto.

Mchezo wenyewe mnaujua, lakini niseme kwa ajili ya mzazi atakayeokota karatasi hii. Trayathloni ni kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, bila kupumzika katikati, na ukimaliza unajiuliza ni nani alikutuma. Mimi nilikuwa wa baiskeli. Mtu akijibandika nyuma ya mwenzake, yule wa mbele ndiye anapasua upepo, na wa nyuma anateleza tu kama aliyebebwa mgongoni. Sisi tunaita kubebwa, na hairuhusiwi. Kutoka gurudumu la mbele la mwenzako hadi gurudumu lako la mbele lazima kuwe na mita kumi. Ukiingia ndani ya hizo mita kumi, maana yake umeamua kumpita, na una sekunde ishirini za kumaliza hiyo kazi. Zikiisha na bado uko pale, refa anapuliza, anakuonyesha kadi ya bluu, na mwisho wa baiskeli unasimama dakika moja ndani ya hema la adhabu ukitazama wenzako wakienda zao.

Sikuchaguliwa kwa sababu ya akili. Nilikuja kushindana. Kuogelea kwangu nilijifunzia mtoni, mahali maji yanafika kiunoni, kwa hiyo siku ya kwanza kwenye bwawa la hoteli moja pale Meru niliruka nikiwa na imani nyingi sana. Nilipofika katikati nikatafuta chini kwa mguu, na chini haikuwepo. Walinivuta hadi ukingoni kwa ule mti mrefu wa kufagilia bwawa, mbele ya shule sita. Bado nilikuwa nimeshikilia ukingo nikitapika maji wakati Madam Wanja aliponiinamia. Madam ni mwalimu wa Bayolojia na refa mkuu, mtu wa Embu, na anaongea kama mtu anayelipia kila neno.

"Koome, unaona mbali?"

"Ndiyo, Madam."

"Unaweza kukaa kwenye pikipiki bila kuanguka?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi toka majini ufanye kazi."

Wiki hiyo alinipa kamba ya katani yenye urefu wa mita kumi, akanituma nikae nayo mpaka macho yaizoee. Nilienda nayo nyumbani wikendi. Nikagundua kwamba ng'ombe wetu wanne wakifuatana kwenda kunywa maji, mdomo kwa mkia, ni mita kumi karibu kabisa. Ng'ombe wa tatu alikula kipande cha kamba, na Jumatatu nikawa na mita nane na aibu, lakini kipimo kilikuwa kimeshaingia kichwani. Mpaka leo nikiona malori mawili barabarani nahesabu ng'ombe walio katikati.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa Gachoka, kule chini Mbeere, ambako barabara imenyooka, jua linapiga bila huruma na upepo hauna kazi nyingine. Ni mahali pazuri sana pa kubebwa. Nilikaa nyuma ya pikipiki ya Kirimi, mwanaboda wa Nkubu ambaye shule hukodi kila mashindano. Kirimi ana pikipiki nyekundu na maoni juu ya kila kitu. Tulipotokea nyuma ya kundi la wavulana, nikaona wamefuatana kama bata wakienda mtoni.

"Wote wamebebana," nikamwambia Kirimi.

"Wote?"

"Wote."

"Wewe ndiwe refa, buda. Mimi ni dereva tu."

Nikapuliza mpaka masikio yangu yakauma, nikaonyesha kadi mara nane. Halafu tukaenda kwenye hema la adhabu tukakuta wanane wamesimama kwa adabu, saba wakiwa na namba kifuani na wa nane akiwa mzee mwenye kreti ya mikate kwenye keria. Alikuwa akipeleka mikate dukani. Alisikia filimbi, akaheshimu filimbi.

"Kijana," akaniambia, "dakika nimesimama. Sasa nieleze nimekosa nini, kwa sababu mikate inaota jua."

Nilimsukuma aondoke kabla mikate haijakauka. Na haikuishia hapo, kwa sababu Madam Wanja alikuwa amesimama kando ya barabara pale walipopita, na yeye aliwaona wanne kati ya wale saba wakiwa na nafasi ya kutosha kabisa. Hakunigombeza. Alinivuta hadi katikati ya lami.

"Tazama nguzo za stima."

Nikatazama. Zilikuwa zimefuatana kwenda Kiritiri, na kadiri zilivyoenda mbali ndivyo zilivyozidi kukaribiana, mpaka zile za mwisho zilikuwa kama zimeshikana mikono.

"Zimebebana?" akauliza.

"Hapana, Madam."

"Mtu akiwa mbele yako, huwezi kujua nafasi iliyo mbele yake. Nenda ubavuni. Usipofika ubavuni, nyamaza."

Akanipa kalamu nifute kadi nne kwa mkono wangu mwenyewe kabla hajatia sahihi matokeo. Hilo liandikeni mahali: refa anaweza kufuta kadi yake mpaka sahihi ya refa mkuu itiwe. Baada ya hapo hata akilia, imekwenda.

Siku hiyohiyo ndipo nilipomwona Wawira mara ya kwanza. Ni msichana wa hukohuko Gachoka, na alikuwa anaendesha baiskeli ya babake, ile nyeusi nzito ya kubebea mitungi ya maji, wameng'oa keria tu ili ionekane ya mashindano. Sikumwandika, kwa sababu hakukuwa na mtu karibu naye. Alikuwa peke yake upande wake wa barabara, upepo wote ukimpiga yeye. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakukaa hata karibu na kundi, ule umbali unaoruhusiwa.

"Sipendi kutazama mgongo wa mtu njia nzima," akasema, akaendelea kula ndizi.

Kazi ilinizoea, au mimi niliizoea. Nilijifunza kwamba wanaobebana husikia pikipiki kabla hujawaona, na wanaachana haraka kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu wa zamu. Dawa ilikuwa ya Kirimi: kwenye mteremko anazima injini, tunashuka kimya kama wezi wa kuku, na tunafika ubavuni mwa watu wakiwa bado wanapiga hadithi. Nilijifunza pia kutomtazama mtu usoni ninapomwonyesha kadi. Natazama namba tu. Usoni kuna mambo mengi.

Mita nilizijua. Sekunde ndizo zilinimaliza. Shule ilikuwa na saa mbili za kupimia mbio, na zote zilikaa kwenye mstari wa mwisho. Simu shuleni mnajua zinakopelekwa. Saa yangu ya mkono haikuwa na mshale wa sekunde, na hata ule wa dakika ulikuwa unatembea ukijisikia. Nikajaribu kuhesabu kichwani, moja, mbili, tatu, lakini Kirimi akiongea napotea, na Kirimi huongea. Sasa mimi ni mtoto wa parokia ya Nkubu. Jumapili moja nikagundua kwamba Salamu Maria moja, kwa mwendo wa kanisa zima, kuanzia mwanzo mpaka Amina, ni sekunde ishirini. Niliipima Jumapili tatu nikitazama saa ya ukutani, na padre alifikiri nimeongezeka imani. Tangu siku hiyo, mtu akiingia ndani ya mita kumi, mimi naanza Salamu Maria. Nikifika Amina kabla hajapita, kadi.

Madam Wanja sikumwambia. Yeye ni Mwanglikana, na niliona itakuwa safari ndefu kumweleza. Aliyejua ni Kirimi peke yake, kwa sababu nilikuwa naisomea nyuma ya shingo yake.

"Wewe ndiwe abiria wangu wa kwanza," aliniambia, "anayeanza kuomba kabla sijafanya kosa."

Kwa miaka miwili niliona nimevumbua kitu kikubwa. Nilifikiri hata siku moja wataniita nifundishe wengine.

Sasa nifike kwenye mashindano yangu ya mwisho, muhula uliopita. Wasichana watatu wa kwanza ndio wangeenda mashindano ya vijana ya nchi nzima. Walianzia kwenye bwawa, wakapanda baiskeli kwenye uwanja wa Kinoru, pale Meru mjini, wakaenda upande wa Nkubu na kurudi, kisha wakimbie uwanjani. Shule yetu ilikuja na basi zima kwa sababu ya Makena, ambaye mnamjua, na ambaye anakaa dawati la mbele yangu. Makena aliamka saa kumi na moja kila siku mwaka mzima kufanya mazoezi. Nasema hivyo ili mjue kwamba katika hadithi hii hakuna mtu mbaya isipokuwa mimi.

Wawira alitoka majini nyuma kabisa, maana Gachoka hakuna bwawa la kuogelea. Kwenye baiskeli akaanza kuwala mmoja mmoja. Wakati wa kurudi mjini, wasichana wawili walikuwa mbele sana, wa tatu alikuwa Makena, na nyuma yake ile baiskeli nyeusi ilikuwa inakuja. Kuna mteremko mrefu unaoshuka mtoni kabla ya kupanda tena kwenda mjini. Baiskeli nzito ikishuka haina breki ya maana, inaenda tu. Wawira akaingia ndani ya mita kumi za Makena, akielekea kulia kumpita. Kirimi akazima injini, tukashuka ubavuni mwao, na nikaanza Salamu Maria.

Mbele yetu lori la mbao lilikuwa linapanda, limekaa katikati ya barabara kama limepanunua. Kirimi akalikwepa kwa upana wa kidole. Mimi nikafika Amina. Nikapuliza, nikainua kadi ya bluu, namba ya Wawira.

"Si nampita?" akaniambia, bila kelele, gurudumu lake likiwa tayari limelingana na la Makena. "Huoni nampita?"

Nilitazama namba. Akampita, akaondoka.

Alisimama dakika yake kwenye hema mikono ikiwa kiunoni. Makena akapita. Wawira alikimbia kama mtu anayefukuza gari lililobeba nguo zake, lakini alifika wa nne, nyuma ya Makena kwa sekunde kumi na mbili. Basi letu likalipuka kwa nyimbo. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya. Kirimi alikuwa anapangusa kioo cha pikipiki.

"Ile sala ya leo," akasema bila kunitazama, "uliisoma kama dalali wa mnada."

"Ilikuwa ya kawaida."

"Haya."

Wawira alikuja mezani kwa Madam Wanja akisukuma baiskeli. Hakuwa analia. Ningependelea alie.

"Refa, ulihesabu ngapi?"

"Ishirini."

"Kwa saa gani?"

Nikanyoosha mkono, kama mjinga. Akaitazama saa, akaitazama tena. "Hii haina mshale wa sekunde."

Madam Wanja akaweka kalamu chini. "Koome. Ulihesabu kwa nini?"

Nikajibu.

"Sikusikia."

"Salamu Maria, Madam."

Alikaa kimya muda ambao mimi ningeukadiria kuwa Salamu Maria moja na nusu. "Tangu lini?"

"Tangu Kidato cha Pili."

"Nzima?"

"Nzima, Madam. Na Amina."

"Sisi huwa tunatumia saa," akasema. Kisha akamgeukia Wawira na kumweleza kama anavyoeleza mzunguko wa damu: kadi ya jicho la refa haikatiwi rufaa, yeye mwenyewe hawezi kuifuta kwa sababu hakuwepo, na anayeweza ni aliyeitoa, kabla ya sahihi. Akachukua saa moja ya kupimia, akaita pikipiki ya pili, na kuniambia nipande kwa Kirimi. Tulikuwa tunarudi mteremkoni. Mimi ningesoma, yeye angekuwa ubavuni akipima.

Njiani nilipita mbele ya basi letu. Makena alikuwa amebebwa juu. Hapo ndipo nilipoelewa hali yangu. Nikiisoma polepole, kwa mwendo wa kanisani, saa itasema ishirini, kadi itabaki, Makena ataenda, na mimi nitabaki mvumbuzi. Wawira hakuwa na shahidi mwingine. Nilikuwa na kilomita tatu za kufikiria, na nawaambia wazi kwamba nilifikiria polepole sana, yaani nilifanya mazoezi ya upole wa sauti.

Ningependa kuandika hapa kwamba niliamua kusema ukweli. Kilichotokea ni kwamba tulipofika juu ya mteremko Kirimi alizima injini na kuachilia breki. Nilianza vizuri, kama askofu. Kufika katikati upepo ulikuwa umeingia mdomoni, mto unakuja, na maneno yakaanza kukanyagana yenyewe. Ile sehemu inayotaja saa ya kufa niliipita kwa pumzi moja.

Chini, Madam Wanja akanionyesha saa. Kumi na moja.

Nilidhani imeisha, na nilikuwa karibu kushukuru. Lakini Madam hakuiachia saa imalize kazi yangu.

"Hii inaniambia unavyoogopa sasa," akasema. "Asubuhi sikuwepo. Labda asubuhi hukuogopa. Uliyekuwepo ni wewe."

Kirimi alikuwa ameinama anaangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Ningeweza kusema asubuhi nilikuwa mtulivu, na angetia sahihi, kwa sababu yeye hufuata sheria hata ikimuuma.

"Asubuhi kulikuwa na lori," nikasema. "Niliogopa zaidi."

Tulirudi Kinoru, nikaandika kwenye fomu: Nilihesabu haraka. Alikuwa bado ana muda. Kadi imefutwa. Ile dakika aliyosimama hemani ikatolewa kwenye muda wake, akawa wa tatu, Makena akawa wa nne, na nyimbo za basi zikazimika, moja baada ya nyingine, kama taa za bweni.

Kisha Madam akafungua daftari langu la miaka miwili, tukapitia pamoja. Kadi za tambarare alisema zina afya. Kwenye milima mambo yalikuwa kinyume: nikipanda mlima nyuma ya Kirimi, pikipiki ikilalamika, nami sala yangu hulegea, kwa hiyo watu walibebwa nusu dakika bure na sikuwaandika. Na za miteremko zilikuwa kadi tatu nyingine. Hizo zilishatiwa sahihi, hazifutiki. Akanituma nimtafute kila mmoja wa hao watatu nimwambie uso kwa uso. Wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Wa pili alidai soda, akapata. Wa tatu, wa shule moja ya Embu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kusema neno, na huyo ndiye ninayemkumbuka. Nyinyi mtapewa saa zenye mshale wa sekunde. Madam amezitafuta mwenyewe. Zitumieni, na kama lazima muombe, ombeni kando.

Lakini bado sijamaliza ile siku. Nilikuwa nakunja fulana yangu wakati Wawira alipopita na baiskeli yake. Nilisimama vizuri, kwa sababu nilifikiri anakuja kunishukuru.

"Unangoja asante?" akauliza.

"Hapana."

"Vizuri. Huko kwetu mtu akirudisha mbuzi aliyemchukua, hatumpigi. Lakini supu hatumpi." Akaondoka.

Basi letu lilikuwa limewashwa. Nilitegemea liniache, na Kirimi alikuwa ameshanitengenezea nafasi kwenye pikipiki, lakini dereva alisema kuna mtu amemwambia angoje. Nilipopanda, kila mtu akakumbuka kutazama dirishani. Viti vyote vilikuwa na mtu au begi, na mabegi hayakuonekana yana mpango wa kuhama. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, kando ya Makena. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikuwa ananipita kweli?" akauliza.

"Kweli. Gurudumu kwa gurudumu."

Akakaa na hilo kidogo. Kisha akavuta sketi yake, nikapata nafasi. "Kaa. Lakini usiongee mpaka Nkubu. Hata neno moja."

Mnanijua. Tangu Kinoru mpaka Nkubu nilikuwa na vichekesho vinne, kimoja kizuri sana, na vyote nilivimeza. Tulipoanza kuona nyumba za kwanza za Nkubu nikafungua mdomo.

Makena hakugeuka. Aliinua mkono tu, kiganja wazi, akautazama mji dirishani.

"Stendi bado," akasema.

Nikafunga mdomo. Stendi ilikuwa bado kabisa, hata mimi niliiona.